Kodi ya Msamaha

Jumatatu, 3 Februari 1975

Rimu tatu za kijarida changu tangu asubuhi. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Stensili ya ukurasa wa nne imechanika tena, pale pale penye habari za yule mwenye nyumba wa mtaa wa Kings Heath anayekodisha chumba kimoja kwa familia mbili. Kana kwamba hata karatasi ya nta inamwogopa. Nimeipiga upya. Safari hii kwa herufi kubwa.

Wateja wawili tu kwenye duka langu la kurudufu. Kanisa linataka nakala za ratiba ya Kwaresima. Nimelitoza bei kamili.

Posta ya pili ya siku imeleta barua ya ofisi ya kodi. Mkaguzi ana swali moja. Hesabu zangu za mwaka ulioishia Machi 1973 zinaonyesha nadaiwa pauni 412 na Gurdev Singh, muuza karatasi, Bordesley Green. Hesabu za mwaka uliofuata hazina deni hilo, wala hazionyeshi kuwa nililipa. Limekwenda wapi?

Swali la haki. Nimelijibu hapo hapo kwa taipu, sentensi moja: deni lilisamehewa nyumbani kwangu, mbele ya watu, siku ya kuondoa matanga ya mume wangu. Sahihi. Stempu. Nimeitia posta mwenyewe kabla chai haijapoa.

Nimefurahi kuiandika sentensi ile.

Jumatano, 12 Februari

Wamejibu. Pauni 412 ni mapato. Yaani pato langu la mwaka ule, kana kwamba niliuza kitu. Kodi yake pauni 136. Wameandika kwa adabu sana. Adabu ya mtu anayekukanyaga kisha akaomba radhi kwa sababu kiatu chake kimepata vumbi.

Mapato! Niliyapata wapi? Niliyapata sebuleni, nimekaa juu ya godoro, kichwa nimefunga leso nyeusi.

Elisha alikufa mwanzoni mwa Machi 1973. Mapafu. Miaka kumi na miwili ya vumbi la kiwanda cha vyuma. Matanga tuliyaondoa Jumamosi baada ya Pasaka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, Wataita wote tulio katika mji huu, na wengine ambao sijui walitoka wapi. Mzee wa kanisa akauliza kama inavyoulizwa nyumbani: mwenye kumdai marehemu aseme leo, au anyamaze siku zote. Kule kwetu hapo ndipo watu huangalia chini. Mtu hutaja mbuzi, mwingine shilingi ishirini, familia inakubali au inakataa, mambo yanakwisha.

Bwana Gurdev akasimama. Kilemba chake kiligusa taa. Aliendesha duka Voi miaka thelathini kabla ya kuja huku kwa Waingereza, matanga ya Kitaita anayajua kuliko vijana wetu. Akasema, "Mimi naidai nyumba hii. Kuanzia leo siidai." Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hapapigwi makofi. Lakini nilisikia chumba kizima kikipumua.

Sasa kuna mtu ofisini mjini ameichukua pumzi ile akaitia kwenye mashine ya kuhesabia.

Sitalipa hata peni.

Alhamisi, 13 Februari

Bwana Pratt, mhasibu wangu, amefika dukani bila kuvua kofia. Mwingereza mwembamba anayefanyia hesabu nusu ya maduka ya Stechford. Analaumu. Kwa nini nilijibu bila kumwuliza? Angejibu yeye kwamba deni bado lipo, mdai ni mvumilivu, basi. Deni ambalo bado lipo halitozwi kodi. Deni lililosamehewa linatozwa. Ndiyo nchi hii: ukiendelea kudaiwa u salama, ukihurumiwa umepatikana.

Anasema haijachelewa. Niandike kwamba sikuelewa swali. Niseme Kiingereza kilinipiga chenga.

Nilifundisha Kiingereza miaka kumi na minne. Nimesahihisha insha za watoto ambao leo ni mawakili. Nilimwambia Bwana Pratt kwamba katika barua yake ya mwisho kwangu kulikuwa na makosa mawili ya sarufi, nikamwonyesha. Akavaa kofia ambayo tayari alikuwa ameivaa, yaani akaigusa tu, akaondoka.

Bado nahitaji mhasibu. Nitamwomba radhi wiki ijayo. Nusu radhi.

Jumamosi, 15 Februari

Bordesley Green kwa basi. Ghala la Bwana Gurdev baridi kama kaburi, yeye amevaa sweta mbili juu ya shati. Mkewe, Mama Surjit, alinipa chai ya maziwa kabla sijasalimu vizuri.

Nikamsomea barua. Akaisikiliza akiwa ameinama juu ya rimu za karatasi ya manjano, akizigonga pembe zilingane. Kisha akasema jambo lile lile la Pratt. Atawaandikia kwamba ananidai bado.

"Wewe waambie hivyo, Mwalimu. Mimi nitawaambia hivyo. Halafu mimi nitasahau."

"Ulisimama mbele ya watu, Bwana Gurdev."

"Nilisimama, ndiyo. Sasa nimekaa. Kukaa ni dhambi?"

Mama Surjit alicheka. Mimi pia, kidogo, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Anadhani ananisaidia. Ananisaidia kweli. Pauni 136 ni miezi miwili ya kazi yangu. Ni kijarida changu kusimama mpaka Septemba. Na ninachotakiwa kufanya ni kusema tu kwamba nyumba ya Elisha bado inadaiwa. Kwamba watu wote wale kwenye ngazi walisikia vibaya.

Nilikataa. Akaniambia mimi ni mbishi tangu Voi, kwamba niliwahi kumrudishia katoni nzima ya daftari za shule kwa sababu mistari ilikuwa imepinda. Ni kweli. Ilikuwa imepinda.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Wakesho, binti yangu, ametoka zamu hospitalini, amelala kidogo, ameamka na kunikuta naandika rufaa. Nilimweleza kwa Kitaita, nikarudia kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kwa ufupi: Mama, baba hatajua.

Nimepiga ukurasa mzima wa rufaa bila kosa hata moja. Hasira hunyoosha vidole vyangu.

Jumanne, 25 Februari

Ofisi ya kodi. Nilitarajia adui. Nimemkuta kijana mwenye mafua, mpole, ana picha ya mbwa mezani. Inachosha kugombana na mtu wa namna hiyo. Nimejitahidi.

Alinieleza kwamba nia ya mdai si hoja. Matanga si hoja. Huruma si hoja. Hoja ni kwamba nilikuwa nadaiwa katika biashara na sasa sidaiwi. Alisema naweza kulipa kidogo kidogo. Halafu, akishusha sauti kama anayenipa siri ya ndoa, akasema mtu akiwa hana uwezo kabisa, serikali wakati mwingine humsamehe sehemu ya kodi.

Nikamwuliza, "Na mkinisamehe kodi hiyo, mwaka ujao mtaitoza kodi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hapana, bila shaka.

Kumbe serikali inajua kusamehe bila kumwongezea mtu mzigo. Ni muuza karatasi tu asiyeruhusiwa. Hayo nitayaandika kwa herufi kubwa kuliko za mwenye nyumba wa Kings Heath.

Nikamwambia kwamba msamaha wa serikali siutaki. Nimeshasamehewa na mtu bora.

Alhamisi, 27 Februari

Maktaba kuu siku nzima. Nimefunga duka. Nimesoma sheria yenyewe, si maelezo ya sheria. Nathari mbovu kuliko zote nilizowahi kusoma, na nimesoma hotuba za mawaziri.

Nimepata silaha. Na nimepata kidonda, katika kifungu hicho hicho.

Sheria haisemi kila deni lililosamehewa ni mapato. Rafiki akikukopesha nauli kisha akakusamehe, haikuhusu. Sheria inasema deni la biashara ambalo ulikwisha kulitoa katika faida yako kama gharama. Ulisema: nimetumia pauni kadhaa kwa karatasi, faida yangu ni ndogo, nitozeni kidogo. Wakakutoza kidogo. Halafu karatasi hukuilipia kamwe. Basi wanataka ile nafuu irudi.

Nilikaa mbele ya kitabu kile kwa muda mrefu. Nachukia sheria inaponishinda kwa matusi, lakini hiyo nimeizoea. Hii imenishinda kwa hoja. Karatasi ile nilipunguziwa kodi kwa ajili yake. Ni kweli. Nikinyamaza nitakuwa nimepewa mara mbili, mara na Bwana Gurdev, mara na mabibi wa viwandani wanaokatwa kodi kabla hawajaona mshahara. Siwezi kuwatetea Ijumaa kwenye kijarida na kuwakalia Jumatatu.

Hiyo ndiyo karatasi. Lakini 412 si karatasi zote.

Voi, duka la Bwana Gurdev lilikuwa na hesabu moja kwa kila nyumba. Unga, mafuta ya taa, daftari, shati la mtoto. Hakuna aliyegawanya. Alipohamia huku alikuja na tabia hiyo, nami nikaikuta kama mtu anayekuta harufu ya kwao. Nilichukua karatasi na wino kwake kwa miezi. Elisha alipokufa, mwenye kampuni ya mazishi alitaka pesa kabla ya kufungua mlango wa gari lake. Bwana Gurdev akalipa, akaongeza kwenye hesabu ile ile. Karatasi, wino, jeneza. Mwisho wa mwaka nikampa Pratt jumla, naye kwenye orodha ya wanaonidai akaandika jumla. Muuza karatasi, 412. Kwenye gharama alitia ankara za karatasi na wino peke yake, 230. Jeneza halikuingia popote.

Kwa hiyo pauni 182 hazijawahi kunipunguzia kodi hata senti. Ni jeneza la mume wangu na gari la kumbebea, na wanataka kuliita pato la duka la kurudufu.

Hapo ndipo nitasimama. Hapo hawanisogezi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegombana na Bwana Gurdev. Vibaya.

Rufaa imepangiwa Aprili. Pratt, ambaye tumepatana naye, anasema neno langu peke yake halitoshi. Anayejua kilichokuwa ndani ya ile 412 ni aliyeitoa. Aje aseme mbele ya makamishna watatu wa rufaa za kodi kwamba alilipia jeneza.

Nilidhani ni jambo dogo. Alinitazama kama nimemwomba avue kilemba.

Alisema mtu hutoa kitu ili kiishe. Ukikitaja tena umekirudisha mfukoni. Mbele ya watu wa matanga alisema maneno machache, na hata hayo yalimwuma, jeneza hakulitaja hata siku ile. Leo nataka asimame mbele ya wageni watatu ajisifu kwamba alimzika Elisha.

"Nilikuambia njia rahisi, Mwalimu. Sema nakudai. Umekataa, kwa sababu ya heshima. Heshima yako. Sasa unataka kulipa kwa yangu."

Alinishinda. Mimi. Nimewajibu maaskofu na madiwani.

Nikasema jambo la kijinga, kwamba basi bora asingesamehe kabisa. Mama Surjit aliweka kikombe chini. Nikatoka. Basi lilichelewa. Vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Nilichosema jana ni uchafu. Nimemwandikia kuomba radhi. Radhi nzima. Sikutaja rufaa.

Lakini siachi. Akija, asije, jeneza halilipiwi kodi kwa hiari yangu. Wakitaka waje wabebe mashine yangu ya kurudufu.

Ijumaa, 28 Machi

Ijumaa Kuu. Bwana Gurdev hajajibu. Karatasi nanunua kwa Mwingereza wa Digbeth, taslimu, nyembamba, inapenya wino.

Wakesho ameniuliza kama nimesikitika. Kwa Kiswahili. Hajawahi. Alisema vibaya, "unasikitisha mama," lakini alisema.

Alhamisi, 17 Aprili

Makamishna ni watu watatu wa mji, si mahakimu. Mmoja alinuka tumbaku, mmoja bibi mwenye pambo la brochi kifuani, wa katikati mwenyekiti. Chumba kina zulia la kijani. Mkaguzi wangu mwenye mafua amepona.

Nilikuwa na kurasa tisa. Nilianza kwa kukubali 230. Nilikubali meno yakiwa yamekazwa, lakini nilikubali, na nikaona Pratt akifumba macho kwa raha. Halafu nikaanza jeneza. Baada ya nusu ukurasa mwenyekiti akasema hoja imeeleweka, sina haja ya kuendelea. Nikamwambia haja ninayo. Nikaendelea. Ukurasa wa tatu yule wa tumbaku alitazama saa. Nikasoma polepole zaidi.

Niliwaeleza duka la Voi. Niliwaeleza matanga. Niliwaeleza kwamba mtu anaposimama mbele ya waliofiwa akaachilia anachodai, hakuuza, hakununua, hakulipa mshahara, na serikali inayoona biashara pale haina macho ila mkono. Bibi wa brochi aliandika kitu.

Wakauliza: ushahidi uko wapi kwamba fedha hizo zililipa jeneza? Muuza karatasi huuza karatasi.

Nikasema sina.

Mlango ukafunguliwa. Si kwa ghafla kama kwenye michezo ya kuigiza. Alikuwa ameketi nje kwenye benchi tangu asubuhi, karani ndiye aliyemwita, Pratt alikuwa amempa karani jina la shahidi bila kuniambia. Bwana Gurdev, koti la harusi, kilemba cha bluu. Hakunitazama.

Mwenyekiti akamwuliza kama huwa anauza majeneza. Yule wa tumbaku akatabasamu.

Akasema hapana.

Sasa kwa nini jeneza liko kwenye hesabu moja na karatasi?

"Kwa sababu nyumba ni moja," akasema.

Wakamwuliza alilipa kiasi gani kwa mazishi. Akataja. Nani aliyepokea? Akataja mtaa, akasema mtu yule yupo, waende wakamwulize. Kwa nini alisamehe? Hapo alirekebisha kilemba, nami nikataka kujibu kwa niaba yake, na Pratt akanikanyaga mguu.

"Matangani walikuwa wameuliza," akasema mwishowe.

Walituambia tutoke. Kwenye benchi tulikaa watatu, Pratt katikati kama mpaka. Uso wa Bwana Gurdev ulikuwa mwekundu, wa mtu aliyevuliwa nguo. Sikumshukuru. Nilijua kushukuru pale kungekuwa kumwongezea.

Wakatuita. Pauni 182 zitoke, si za biashara. Pauni 230 zibaki. Kodi, 76.

Alikwisha kuondoka kabla sijamaliza kukunja kurasa zangu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelipa. Zote mara moja, sio kidogo kidogo. Karani wa dirishani alihesabu, akagonga muhuri, akasema asante mpenzi, kama wanavyosema hapa kwa kila mtu. Kijarida hakitatoka Mei wala Juni.

Toleo la Julai ninalo tayari kichwani. Nitaandika kwamba walikuwa sahihi kuhusu karatasi. Watu watashangaa. Washangae. Na nitaandika kwamba sheria inayohitaji mtu mwema avuliwe nguo hadharani ili wema wake uitwe wema, ni sheria ya watu wasiowahi kusamehewa kitu. Hilo silifuti hata mstari.

Jina lake sitaliandika.

Jumapili, 11 Mei

Mvua ndogo. Baada ya chakula mlango ukagongwa. Bwana Gurdev na Mama Surjit, na sufuria ya dengu imefungwa kwa kitambaa. Nikawavutia viti.

Wakesho alileta chai. Aliwaamkia shikamoo, akakosea akaniamkia hata mimi niliyeshinda naye. Mama Surjit alimwita akae karibu naye, wakazungumza habari za wodi, mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kiswahili, wakaelewana vizuri.

Bwana Gurdev alishika karatasi yangu mpya, ile ya Digbeth, akaitazama dhidi ya dirisha. Akaiweka chini kwa ncha za vidole. Ni ukatili wa kutosha.

Kisha akaniuliza nililipa ngapi. Sikumwambia. Akakisia. Alikisia sawasawa, mwenye duka huyo.

"Basi nilikupa kidogo kuliko nilivyofikiri, Mwalimu."

"Jeneza hawakulikata kodi. Lilikuwa zima," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akaomba sukari.